Joto limetulia, kimiminika bado si safi: kutatua matatizo ya azeotropu na michanganyiko isiyotii kanuni

Maswali mengi ninayoletewa kuhusu ukenekaji, yaani kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke, yana sura moja. Mtu amechemsha mchanganyiko wake kwa uangalifu, kipimajoto kimesimama mahali pamoja nusu saa nzima, matone yanadondoka kwa mpangilio, naye anaamini amepata kitu safi. Si alifundishwa kwamba kitu safi huchemka kwa joto moja? Anapima, anakuta maji bado yamo. Anakeneka tena, anapima tena. Yale yale.

Alichofundishwa ni kweli. Kitu safi huchemka kwa joto moja. Lakini ukigeuza sentensi hiyo haisimami: si kila kinachochemka kwa joto moja ni safi. Ipo michanganyiko mingi ambayo huchemka bila joto kuyumba, na mvuke wake una uwiano ule ule wa kimiminika kilichoutoa. Hiyo ndiyo azeotropu. John Wade na Richard Merriman ndio waliolitunga jina hilo mwaka 1911 kwa mizizi ya Kigiriki, kwa maana ya kitu kinachochemka bila kubadilika.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama watu wanavyozileta. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na ukaguzi mwepesi umetangulia ule mzito. Joto lote ni kwa nyuzi za Selsiasi. Nisipotaja vingine, kanieneo ni ile ya usawa wa bahari, yaani milimita 760 za zebaki, na asilimia ni za uzito. Neno "mkeneko" ninalitumia kwa kimiminika unachokusanya baada ya mvuke kupoa.

Msingi kidogo kwanza

François-Marie Raoult alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba katika mchanganyiko bora, yaani usio na mvutano wa pekee kati ya molekuli zake, kila kijenzi huchangia mvuke kulingana na idadi ya molekuli zake. Benzeni na tolueni hutii kanuni hiyo karibu kabisa, kwa sababu molekuli zao zinafanana na hakuna inayojali imekaa karibu na nani.

Vimiminika vingi haviko hivyo. Molekuli za aina mbili zisipopatana, kila moja hupata wepesi wa kukimbia. Mvuke huwa mwingi kuliko ulivyotarajiwa na mchanganyiko huchemka mapema. Zikipendana kuliko zinavyopenda za aina yake, hushikana, mvuke hupungua, na mchanganyiko huchelewa kuchemka. Tofauti hiyo ikiwa kubwa vya kutosha, na viwango vya kuchemka vya hao wawili vikiwa karibu karibu, azeotropu hutokea. Sharti la pili watu hulisahau. Methanoli na maji hawatii kanuni ya Raoult, ila mmoja huchemka kwa nyuzi 64.7 na mwingine kwa 100. Pengo ni pana, na azeotropu haipo. Ethanoli, inayochemka kwa 78.4, tayari imeingia mtegoni.

Dalili ya 1: Ethanoli imegoma kupanda

Kabla ya lolote, angalia imegomea wapi. Namba hiyo peke yake hukupa nusu ya jibu.

Ikiwa imegomea asilimia 80, 85 au 90, usiisingizie azeotropu. Hapo tatizo ni vifaa. Mara nyingi mnara (bomba la wima ambamo mvuke hupanda kabla ya kupoozwa) ni mfupi, au haukufungwa kitu cha kuhifadhi joto, au moto ni mkali mno kiasi kwamba mvuke unapita bila kupata nafasi ya kupoa, kurudi chini na kupanda tena. Punguza moto mpaka tone moja lidondoke kila sekunde moja au mbili. Funga mnara kwa kitambaa cha kuhami joto au karatasi ya aluminiamu. Kama bado, ongeza urefu wa mnara au ujaze vipande vya kioo ili mvuke na kimiminika vigusane zaidi. Ruhusu sehemu kubwa ya kilichopoa irudi mnarani kabla ya kuchukua mkeneko. Nimeona mnara ule ule ukipandisha mkeneko kwa hatua kadhaa za asilimia kwa kufungwa kitambaa tu.

Ikiwa imegomea karibu na 95 au 96, soma kipimo chako upya. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Azeotropu ya ethanoli na maji ina ethanoli 95.6 kwa uzito. Kimiminika hicho hicho, chupa hiyo hiyo, kikipimwa kwa ujazo kina asilimia karibu 97. Ukihesabu molekuli, kina karibu 89.5. Namba tatu, kitu kimoja. Haidromita ya pombe, kifaa kinachoelea ndani ya sampuli, husoma ujazo, kitabu cha kemia hutaja uzito, na programu za kompyuta hupenda moli, yaani hesabu ya molekuli. Mwanafunzi aliyewahi kuniambia kwa furaha kwamba ameivuka azeotropu, maana haidromita ilisoma 97, alikuwa ameifikia barabara, si kuivuka.

Pima pia joto la sampuli. Haidromita imetengenezwa kwa joto maalumu lililoandikwa kwenye shingo yake, mara nyingi nyuzi 20. Sampuli yenye joto zaidi huwa nyepesi, na haidromita huzama na kukudanganya kwamba pombe ni kali kuliko ilivyo.

Ukiwa na shaka kama ni mnara au ni azeotropu, fanya jaribio hili. Chukua mkeneko wako, ukeneke tena mpaka nusu yake igeuke mvuke, kisha pima densiti ya kilichovuka na ya kilichobaki, vyote viwili vikiwa na joto moja. Zikilingana, umeifikia azeotropu na hakuna mnara utakaokusaidia, uwe mita moja au ishirini. Zikitofautiana, bado una nafasi ya kupanda kwa vifaa bora.

Kuivuka kwenyewe kunahitaji njia isiyotegemea kuchemsha peke yake. Kwa kazi ndogo ya maabara mimi hupendekeza chekeche ya molekuli ya aina ya 3A. Ni vidonge vya madini vyenye vitundu vya upana wa nanomita 0.3. Molekuli ya maji hupenya na kunaswa. Ya ethanoli ni nene, hubaki nje. Unamimina pombe juu ya vidonge vilivyokaushwa, unafunika vizuri, unaacha siku moja au mbili. Usichukue aina ya 4A kwa mazoea. Vitundu vyake ni vipana zaidi, na ethanoli nayo huanza kugombania nafasi.

Kalsiamu oksaidi, yaani chokaa ambayo haijazimwa kwa maji, ni njia ya zamani na inafanya kazi: hula maji, halafu unakeneka ethanoli juu yake. Viwandani kuna njia ya kuongeza kijenzi cha tatu kinachoyabeba maji. Sydney Young aliionyesha mwaka 1902 kwa benzeni: benzeni, ethanoli na maji kwa pamoja huunda azeotropu ya watatu inayochemka kwa nyuzi 64.9, na maji huondoka nayo. Benzeni husababisha saratani ya damu, kwa hiyo viwanda vingi viliiacha na kuchukua sikloheksani. Usiitumie benzeni kwa kazi hii hata kama ipo kabatini.

Na vakyumu? Ni kweli kwamba kanieneo ikishuka chini ya milimita 70 hivi za zebaki, azeotropu ya ethanoli na maji hutoweka. Lakini kwa kanieneo hiyo ethanoli huchemka chini ya nyuzi 30, na maji ya kawaida ya bomba hayaupoozi mvuke wake vizuri. Utavuta bidhaa yako yote ndani ya pampu.

SIMAMA HAPA. Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani na sakafuni, na huwaka ukifika asilimia 3.3 tu ya ujazo wa hewa. Pasha kwa umeme uliofungwa au kwa maji ya moto, kamwe si kwa moto wa wazi. Chekeche iliyolowa pombe usiitie kwenye oveni ili kuikausha. Iache kwanza kwenye kabati la kufyonza mvuke mpaka pombe yote iishe, ndipo uipashe nyuzi 250 hadi 300. Na ikiwa unashuku pombe ina methanoli, usijaribu kuisafisha kwa kukeneka ili inyweke. Methanoli na ethanoli hazina azeotropu, na kwa karatasi zingetengana, lakini chombo cha kawaida hakizitenganishi kwa kiwango cha kuokoa macho wala uhai. Aliyekwisha kuinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anajisikia mzima.

Dalili ya 2: Joto la kuchemka halilingani na la kitabuni

Likitofautiana kwa nyuzi moja hadi tano na mkeneko ukaonekana mzuri, anza na kipimajoto. Ncha yake ya chini inatakiwa ikae usawa wa tundu la mkono wa pembeni, pale mvuke unapokata kona. Ikiwa juu zaidi, mvuke wote hauigusi, na kitasoma chini. Ikizama karibu na kimiminika, kitasoma juu. Ni jambo dogo la sentimita moja, na ndilo sababu ya kwanza ya malalamiko haya.

Sababu ya pili ni mwinuko. Maji hupoteza karibu nyuzi moja ya kiwango chake cha kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 1500 huchemka karibu na nyuzi 95. Azeotropu nazo hushuka, na zaidi ya hapo uwiano wake wa ndani hubadilika kidogo. Ukaguzi wake ni mwepesi: chemsha maji safi katika chombo hicho hicho siku hiyo hiyo, uandike kipimajoto kinasema nini. Kitu kimoja hicho kinakagua kipimajoto, mahali ulipokiweka na kanieneo ya chumba kwa mpigo.

Sababu ya tatu: kimiminika kimepashwa kupita kiwango chake bila kutoa mapovu, kisha kikaruka ghafla. Hii hutokea kwenye chupa laini isiyo na mikwaruzo. Dawa ni vijiwe vya kuchemshia au kukoroga, na viwekwe kimiminika kikiwa baridi. Kijiwe kimoja kikidondoshwa kwenye kimiminika kilichopita kiwango chake hulipua chupa yote nje kwa sekunde moja. Ukikumbuka katikati ya kazi kwamba umesahau vijiwe, zima, poza, ndipo uviweke.

Hayo yote yakishakaguliwa, sasa uishuku azeotropu, na linganisha joto ulilopata na vijenzi vyote viwili. Mchanganyiko ukichemka chini ya wote wawili, una azeotropu ya kiwango cha chini. Isopropanoli na maji, kwa mfano, hukutana kwenye nyuzi 80.3 na isopropanoli karibu 87.7. Mchanganyiko ukichemka juu ya wote wawili, ni azeotropu ya kiwango cha juu, nayo ina dalili yake hapa chini.

Kisa kinachojirudia sana ni cha wanaotengeneza ethili asetati kutoka ethanoli na asidi ya asetiki. Kitabu kinasema bidhaa huchemka kwa nyuzi 77.1. Kipimajoto chao kinatulia kati ya 70 na 72 na hakiendi mbele. Wanadhani mmenyuko umeharibika, wanamwaga kila kitu. Haukuharibika. Ethili asetati huunda azeotropu na maji kwa nyuzi 70.4, na nyingine na ethanoli kwa 71.8, na vyote viwili vilibaki chunguni, yaani kwenye chombo cha kuchemshia. Osha mkeneko kwa mmumunyo wa sodiamu kabonati ili kuondoa asidi, kisha kwa mmumunyo mzito wa kalsiamu kloraidi, ambayo hushika ethanoli na kuishusha kwenye tabaka la maji. Kausha kwa chumvi kavu ya kukaushia, chuja, keneka tena. Kipimajoto kitapanda chenyewe mpaka 77. Unapoosha kwa kabonati, fungua mdomo wa faneli ya kutenganishia mara kwa mara, maana gesi inayotoka inaweza kurusha kizibo.

Dalili ya 3: Asidi haizidi ukali fulani, au ukali wake unashuka badala ya kupanda

Sababu ni moja karibu kila mara: azeotropu ya kiwango cha juu. Molekuli za asidi na maji zimeshikana, na mchanganyiko wao ndio mgumu kuliko wote kugeuka mvuke, kwa hiyo hubaki chunguni mwishoni.

Asidi hidrokloriki ndiyo mfano ulio wazi. Ukianza na asidi hafifu, maji hutangulia kutoka na chungu huwa kikali. Ukianza na asidi kali ya asilimia 37, gesi ya hidrojeni kloraidi hutangulia na chungu hulegea. Popote ulipoanzia, mwisho wake ni pale pale: asilimia 20.2, nyuzi 108.6. Ndiyo maana zamani baadhi ya wakemia waliona ni kiwanja kipya, yaani kampaundi, chenye fomula yake. Henry Roscoe ndiye aliyeivunja dhana hiyo karibu mwaka 1860 kwa njia ninayoipenda kwa wepesi wake: alibadilisha kanieneo, na uwiano ukabadilika. Kiwanja halisi hakibadilishi uwiano wake kwa sababu kanieneo imeshuka. Jaribio hilo bado ndilo la kutumia leo ukitaka kujua kama ulicho nacho ni azeotropu au ni kitu kimoja.

Asidi ya nitriki hugomea karibu asilimia 68 kwa nyuzi 120.5. Asidi ya salfuriki hugomea 98.3 kwa nyuzi karibu 338. Kwa hiyo, aliyenunua asidi ya nitriki ya asilimia 68 na kukusudia kuikoleza kwa kuichemsha anapoteza muda, na anajaza chumba mvuke wenye sumu.

Asetoni na klorofomu ni jozi nyingine ya aina hii. Asetoni huchemka kwa 56.1, klorofomu kwa 61.2, wakiwa pamoja hufikia karibu 64.5, kwa sababu hidrojeni ya klorofomu inavutwa na oksijeni ya asetoni.

SIMAMA HAPA. Ukikusudia kuvuka azeotropu ya asidi yoyote kati ya hizi, hiyo si kazi ya kujaribu peke yako. Asidi ya nitriki kali ikikutana na pombe, asetoni au mabaki yoyote ya kikaboni inaweza kulipuka. Asetoni na klorofomu zikiguswa na alkali kali hutoa joto kali ghafla, nazo zimewahi kupasua vyombo vya taka za maabara. Zitengwe hata kwenye taka. Kazi hizi zina wataalamu wenye mitambo yake.

Dalili ya 4: Mkeneko una ukungu kama maziwa, au umegawanyika tabaka

Chombo kilicholowa ndiyo sababu ya kwanza, na kipoozeo kinachovuja ndiyo ya pili. Zifute hizo kwanza. Zima moto, acha maji ya kupoozea yaendelee kupita, ukae dakika kumi ukiangalia. Tone likizidi kudondoka wakati hakuna kinachochemka, maji ya bomba yanaingia kwenye mkeneko. Badilisha kipoozeo.

Kama hakuna uvujaji, basi huenda unaona kitu cha kawaida kabisa, na kizuri. Chemsha tolueni na maji pamoja, uangalie karibu. Mvuke unaopanda ni mmoja na ni angavu. Unapogusa kioo baridi unageuka matone yenye ukungu, na matone hayo yakitua kwenye chombo hutulia taratibu: vitufe vidogo vya maji vinateremka kupita kwenye tolueni, vinaungana chini, na baada ya muda mstari mkali unatenganisha tabaka mbili. Maji yako chini, tolueni juu.

Kipimajoto wakati huo kinasoma karibu nyuzi 84 na nusu, chini ya maji na chini kabisa ya tolueni, ambayo peke yake huchemka kwa 110.6. Sababu yake unaweza kuihesabu mwenyewe. Vimiminika viwili visivyochanganyika havipunguziani mvuke. Kila kimoja hutoa wake kana kwamba mwenzake hayupo. Kwa joto hilo maji hutoa kanieneo ya milimita karibu 420 na tolueni karibu 340. Zijumlishe unapata 760, na kuchemka kunaanza. Hesabu hiyo hiyo ikipigwa kwa uzito wa molekuli inakupa mkeneko wenye maji karibu asilimia 20, na ndivyo inavyokuwa kwenye silinda ya kupimia.

Hali hii hutumika kwa makusudi. Mtego uliobuniwa na Dean na Stark mwaka 1920 hushika maji chini na kurudisha tolueni chunguni, mpaka mchanganyiko uishe maji. Ukiona mtego wako haufanyi kazi, uliza kwanza kama kiyeyushi chako ni kizito kuliko maji. Klorofomu ni nzito; maji yataelea juu na mtego wa kawaida utarudisha kisichotakiwa. Upo mtego wa umbo jingine kwa viyeyushi hivyo.

Butanoli na maji nayo hugawanyika hivi kwenye nyuzi 92.7, na hapo azeotropu hujitatua yenyewe: tabaka la juu lina butanoli nyingi, la chini lina maji mengi, na kila moja likipelekwa kwenye mnara wake hutoa kitu safi chini ya mnara.

Lipo pia jambo ambalo huchanganya watu: mchanganyiko uliokuwa angavu kwenye joto unagawanyika ukipoa, au kinyume chake. Fenoli na maji huchanganyika kwa uwiano wowote juu ya nyuzi 66 hivi, na chini ya hapo zinaweza kutengana. Triethilamini na maji hufanya kinyume. Huchanganyika kwenye baridi na kutengana joto likizidi nyuzi 18 na kitu. Kwa hiyo usihukumu tabaka kabla hujaandika joto.

Dalili ya 5: Ujazo umepotea baada ya kuchanganya

Mimina mililita 50 za ethanoli na 50 za maji kwenye silinda moja. Shika silinda kwa kiganja: imepata uvuguvugu. Acha ipoe, soma. Utakuta kati ya 96 na 97. Hakuna kilichomwagika. Pima uzito kabla na baada, utaukuta kamili. Molekuli zimepangana kwa kubanana zaidi kuliko kila moja ilivyokuwa kwake.

Uzito ukipungua pia, hapo ndipo utafute uvukaji au kumwagika. Dawa ya kudumu ni kuandaa michanganyiko kwa mizani, au kuweka kijenzi kimoja kwenye chupa ya kupimia na kukijaza cha pili mpaka kwenye alama, usijumlishe ujazo wa viwili.

Tahadhari moja ya kufikiri. Wengi huona uvuguvugu huo na kuhitimisha kwamba molekuli zimependana, basi azeotropu itakuwa ya kiwango cha juu. Kwa asetoni na klorofomu hitimisho hilo ni sahihi. Kwa ethanoli na maji si sahihi: mchanganyiko unatoa joto, na bado azeotropu yake ni ya kiwango cha chini, nyuzi 78.2. Maji hujipanga kuzunguka ethanoli, na gharama ya mpangilio huo inashinda joto lililotoka. Kwa hiyo kiganja hakitabiri azeotropu.

Dalili ya 6: Kompyuta inasema vinatengana, mnara unakataa

Sababu ya kwanza, na ya aibu kidogo kwa sisi sote tuliowahi kuifanya, ni kuacha programu ya kuiga ukenekaji kwenye mtindo wa mchanganyiko bora, yaani kanuni ya Raoult tupu. Mtindo huo hauwezi kuona azeotropu ya vijenzi visivyotii, kwake haipo. Fungua mipangilio uone. Kwa jozi kama ethanoli na maji chagua mlingano wa NRTL wa mwaka 1968, au UNIQUAC wa 1975, au wa Wilson wa 1964, ambayo yote huhesabu jinsi molekuli zinavyoiacha kanuni ya Raoult. Wa Wilson usiutumie pale unapotarajia tabaka mbili, kwa sababu hauwezi kuzionyesha kimahesabu.

Kisha angalia vigezo vya jozi yako vimetoka wapi. Programu nyingi huweka sifuri kimyakimya pale ambapo hazina takwimu, na sifuri maana yake ni kurudi kwenye mchanganyiko bora. Vikikosekana, mtindo uitwao UNIFAC huvikadiria kwa vikundi vya atomu. Makadirio yake yanafaa kukuonyesha kama kuna hatari ya azeotropu, si kununulia mtambo. Linganisha na azeotropu moja iliyopimwa kabla ya kuamini zingine. Kwa michanganyiko ya vijenzi vitatu au zaidi, mwite mhandisi wa ukenekaji mapema, maana huko kuna mipaka ambayo mnara mmoja hauivuki hata uwe mrefu namna gani.

Dalili ya 7: Umebadilisha kanieneo na azeotropu haikusogea

Kubadilisha kanieneo husogeza uwiano wa azeotropu, na kwa hiyo huweza kuwa njia ya kuivuka, ila si kila azeotropu husogea vya kutosha. Ile ya ethanoli na maji husogea kidogo sana ukipandisha kanieneo, kwa hiyo minara miwili ya kanieneo tofauti haikulipi. Ile ya tetrahaidrofurani na maji, inayochemka karibu nyuzi 64 na kubeba maji asilimia 5 au 6, huongeza sehemu yake ya maji waziwazi kanieneo ikipanda, na kwa hiyo mnara mmoja wa kanieneo ya kawaida na mwingine wa juu hutenganisha vizuri. Asetonitrili na maji nayo hukubali njia hii. Kabla ya kuunganisha pampu, tafuta uwiano wa azeotropu yako kwenye kanieneo mbili tofauti. Ukikuta umebadilika chini ya asilimia chache, rudi kwenye chekeche au kijenzi cha tatu.

SIMAMA HAPA. Kanieneo ya juu haifanywi kwenye vyombo vya kioo vya mezani, na chombo kilichozibwa kabisa hakipashwi moto kwa hali yoyote. Tetrahaidrofurani na viyeyushi vya jamii ya etha vikikaa na hewa hutengeneza peroksidi, kemikali zinazolipuka kirahisi, ambazo hubaki chunguni na kuzidi kukolea kadiri unavyokeneka. Pima peroksidi kwa vijikaratasi vyake kabla ya kuwasha moto, na usikaushe chungu. Acha angalau sehemu moja ya kumi. Chupa ya zamani yenye vijitu vyeupe kama sukari kuzunguka kifuniko usiizungushe kifuniko, usiitikise, usiihamishe. Toka, funga chumba, mwite mtaalamu wa kemikali hatari.